Anwani ya Kampuni, Mlango wa Nyumbani



Sisi ni mtu na wifi yake, tunapanga nyumba moja hapa Ujiji. Tunapamba maharusi: hina, ukumbi, na vitenge vya kutoka Kongo. Kazi ilipokua tukaamua kusajili kampuni. BRELA wanasajili kwa mtandao, kwa hiyo Dar es Salaam hatukuhitaji kwenda. Lakini lazima useme ofisi ya kampuni iko wapi. Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka kila kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa, maana hapo ndipo barua na hati za mahakama hupelekwa. Fremu ya biashara hatukuwa nayo. Tulikuwa na nyumba ya kupanga tu.

Tulimwendea bibi mwenye nyumba kabla ya kujaza chochote. Akauliza: "Wanangu, mkidaiwa, dalali wa mahakama atakuja kuuza nyumba yangu?" Swali la haki kabisa. Tukamweleza kwamba anwani haiifanyi nyumba kuwa mali ya kampuni, ila barua za madai, zikiwepo, zitabisha hodi hapa. Tena pango likilipwa na kampuni, itabidi ikate kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA. Hilo alijue mapema, asije akadhani tumempunja.

Akakubali kwa masharti mawili, yakaandikwa kwenye mkataba: kibao kisiwekwe ukutani, na wateja wasipokelewe nyumbani. Dini imetuamuru kutimiza mikataba. Nyumba tuliyopewa ya kuishi hatuigeuzi duka kimyakimya.

Sharti la pili limetusitiri na sisi pia. Anwani ya kampuni si siri; mtu akilipia taarifa BRELA ataipata. Basi mwanamke ajiulize: nani atafika mlangoni nami niko ndani bila buibui? Kwa hiyo maharusi tunawafuata kwao.

Bibi harusi mtarajiwa, kama tayari una kampuni yako, angalia mkataba wa pango wa nyumba unayohamia una jina la nani. Kama ni la mume, shauriana naye kwanza, kisha mzungumze na mwenye nyumba. Mkihama, mjulisheni msajili mapema, barua ya kampuni isije ikafunguliwa na mpangaji mwingine. Dada zetu wa Unguja na Pemba, msajili wenu ni BPRA, lakini ruhusa ya mwenye nyumba ni ile ile.