Jozi za Nchi ya Theluji

Shemeji yangu ni mtu wa Njombe, ambako mwezi Juni na Julai umande huganda juu ya mashamba ya viazi na kuyababua majani. Alipopata shamba karibu na Peterborough, kaskazini-mashariki ya Toronto, baridi yenyewe haikumtisha. Alichohitaji ni mti wa kokwa utakaovumilia nyuzi 30 chini ya sifuri. Mkorosho wa Mtwara huko haumalizi hata usiku mmoja wa Januari. Alitaka jozi, zile kokwa zenye kiini kilichokunjamana kama ubongo, na akaniomba tuongozane kutafuta miche.

Tuliondoka mapema Aprili. Miche hung'olewa na kuuzwa mizizi ikiwa wazi, kabla vichipukizi havijafumuka, na ukichelewa msimu umekupita.

Barabara ilituzungusha Ziwa Ontario, tukapita Hamilton na viwanda vyake vya chuma, hadi rasi ya Niagara. Hapo hata hewa ilibadilika. Maji ya ziwa hupoa polepole na kupata joto polepole, kwa hiyo hulainisha makali ya kipupwe na kuzuia miti isichanue mapema mno. Ndiyo sababu mizabibu na mipichi imejaa kati ya ziwa na ukingo mrefu wa mawe wa rasi hiyo.

Kwenye kitalu, mama mwenye shamba alituonyesha miche iliyonyooka na yenye afya. Shemeji akauliza swali moja tu: mti mama umesimama wapi? Nililipenda swali lile. Mche uliolelewa Niagara haujaonja baridi ya Peterborough, na jina zuri kwenye kibandiko haliukingi mti na chochote.

Mama yule hakukasirika. Alitusimulia habari za Pavlo Krat, mchungaji mzaliwa wa Ukraine aliyejulikana Kanada kama Paul Crath. Katika miaka ya 1920 na 1930 alikwenda kwenye milima ya Karpati, wakati huo sehemu yake ikiwa chini ya Poland, akakusanya jozi kutoka kwenye miti iliyozoea baridi kali, kisha akazileta Kanada. Mijozi mingi inayopandwa leo kaskazini mwa Amerika huitwa ya Karpati kwa sababu hiyo. Lakini mti wa mbegu haumfuati mama yake kwa kila kitu. Ukitaka sifa zilezile lazima upandikize kikonyo, na mjozi ni mgumu kupandikizwa: kidonda hupona vizuri kwenye joto la nyuzi 27 hivi, ndiyo maana miche hiyo ni ghali.

Hatari kubwa, akaongeza, mara nyingi haitoki kwenye baridi ya Januari, mti ukiwa umelala. Ni usiku mmoja wa Mei, vichipukizi vikiwa vimeshafumuka. Na majira ya joto yakiwa mafupi, kokwa haziivi, hata kama mti wenyewe u hai. Pekani, kokwa nyingine, huangushwa na hilo.

Hazelinati ni habari nyingine. Kampuni ya Ferrero, inayotumia kokwa hizo, ina kiwanda Brantford tangu 2006, na wakulima wa Ontario walianza kuitazama hazelinati kwa macho ya biashara. Aina za Ulaya huuawa na ukungu unaokausha matawi. Hazelinati ya asili ya Amerika huuvumilia, hivyo machotara ya aina hizo mbili yanatafutwa sana. Shemeji alichukua ya aina mbili tofauti, kwani moja peke yake haizai vizuri.

Jozi hakununua siku ile. Tulikwenda kwanza Ottawa, kwa barabara ya 7, hadi hifadhi ya Baxter kando ya mto Rideau, ambako kuna shamba la mfano la miti ya kokwa. Theluji ilikuwa bado imelala vivulini, na matawi hayakuwa na jani. Shemeji alipita mti kwa mti akikagua ncha za matawi, akikwaruza gome kwa ukucha kuona kama ndani ni kijani. Ncha zilizokufa zilikuwa chache. Baridi ya Ottawa hukaribiana na ya kwake, basi hapo alikuwa na ushahidi wa kutosha.

Akampigia mama wa Niagara simu, akaagiza mijozi iliyopandikizwa vikonyo kutoka miti ya kaskazini, isubiriwe hadi Aprili ijayo. Nyanya zake atazihamishia upande wa pili wa shamba: mizizi ya mjozi hutoa sumu inayozinyausha.