Mimea Inayoelea: Kuilisha Tangini, Kuinyima Ziwani

Yapo mambo ambayo katibu wa kamati ya msikiti hatarajii kuulizwa. Sisi tumezoea kuulizwa habari za mabati, ada ya madrasa na zamu za kufagia. Lakini tangu wanafunzi wetu hapa Nyamuswa walipowekewa tangi la kioo lenye samaki wadogo wanne, swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: mbona majani yanayoelea yanageuka manjano, ilhali yanashinda na kulala majini?

Mmea wenyewe ni ule unaofanana na kabichi ndogo, ambao wataalamu huuita Pistia. Mizizi yake haishiki udongo. Huning'inia majini kama ndevu. (Perege tuliwaepuka makusudi, kwani hawangeisaza mizizi hiyo.) Nuru na hewa huvipata juu bila taabu, lakini chakula chake kingine chote sharti kiwe kimeyeyuka katika maji yale yale. Na maji yetu ni ya mvua, yaliyokingwa kutoka bati la msikiti: ni safi, ila madini yake ni haba mno. Kinyesi cha samaki huleta naitrojeni. Potasiamu na chuma hakileti vya kutosha.

Kwa hiyo watoto wamefundishwa kuyasoma majani kabla ya kutia chochote. Jani kuukuu likigeuka manjano lote, yaelekea naitrojeni imepungua, na mmea unaihamishia kwenye majani machanga. Jani changa likipauka huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kinachokosekana aghalabu ni chuma. Jani likioza katikati, njaa haihusiki. Huenda kifuniko cha tangi kimebana mno na matone yanaliangukia mchana kutwa.

Mzazi mmoja, mzee tunayemheshimu, alipendekeza dawa iliyo karibu.

"Katibu, mwanangu," alituambia, "samadi imetulisha miaka yote. Kijiko kimoja tu humo kitaharibu nini?"

"Baba, mahindi hayapumui majini," tulimjibu. "Hawa samaki wanapumua humo humo."

Samadi inapooza majini, vijidudu vinavyoiozesha hutumia oksijeni, na samaki huanza kupanda juu wakihema. Mzee alielewa, ingawa alicheka kwamba tunawadekeza samaki. Badala ya samadi, maji hubadilishwa kidogo kidogo kila wiki kwa kuchanganya ya mvua na ya kisima, ambayo yamebeba madini ya ardhini. Upungufu ukizidi, hutiwa matone machache ya mbolea ya maji yenye potasiamu na chuma. Mbolea yenye shaba nyingi haifai, kwani shaba ni sumu kwa samaki. Na ya urea tunaiepuka, maana hugeuka amonia.

Jambo lililotuketisha kikao kizima lilikuwa jingine. Watoto waliofuatana na wazazi wao hadi Guta, kwenye Ghuba ya Speke, waliliona gugu maji na maua yake ya zambarau, wakaomba waruhusiwe kulileta tangini. Uzuri wake haukanushiki. Lakini katika jamaa zetu wamo wanaoishi kwa nyavu, na wanaijua siku ambayo mtumbwi hauwezi kutoka kwa sababu mwalo umefunikwa. Gugu hilo asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 Uganda, Kenya na Tanzania zililazimika kulea fukusi na kuwaachia majini ili walitafune. Lilipungua sana, ila halikutoweka. Likipata chakula huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi.

Na ziwani chakula kipo. Hakuna mtoto anayetia matone huko. Kinachotia ni maji taka ya miji, mbolea inayochukuliwa na mvua kutoka mashambani, na udongo wa vilima tulivyovivua miti. Naitrojeni ile ile tunayoihesabia tone hapa, kule inamiminika. Tuliwaeleza watoto hivyo, na ombi likakataliwa. Wawili walinuna, nasi hatukuwalaumu.

Hata Pistia hatuiamini kupita kiasi, kwani ikiachwa huziba uso wote wa tangi, na alfajiri samaki hukosa pumzi. Nusu ya uso lazima ibaki wazi. Kila Alhamisi baada ya Alasiri wanafunzi wawili huondoa mimea iliyozidi. Haitupwi mtoni wala mtaroni. Huanikwa juu ya bati hata ikauke na kuvunjika mkononi, kisha hufukiwa chini ya mgomba. Maji yaliyotolewa tangini humwagiliwa mchicha ulio nyuma ya birika la udhu, na mchicha huo, kwa haki, ndio unaonawiri kuliko wote.