Kabla hujasifu gari la umeme, pitia Thange na Mui

Je, msomaji, umewahi kuona basi la umeme likipita kimya jijini Nairobi, halina moshi, ukajiambia kwamba uchafuzi sasa umekwisha? Ngoja kwanza. Twende Ukambani.

Tushike barabara ya Mombasa. Ukishapita Emali, Makindu na Kibwezi, utafika Thange katika Kaunti ya Makueni. Upande huu ndiko lilikofukiwa bomba la kupeleka mafuta Nairobi, lililoanza kazi mwaka wa 1978. Mwezi wa Mei 2015 iligunduliwa kwamba bomba hilo lilikuwa likivuja, na mafuta yalikuwa yamefika Mto Thange.

Usifikirie mto kama Tana. Mito mingi ya huku ukiitazama wakati wa kiangazi huoni ila mchanga, kumbe maji yamo chini. Akina mama huchimba kisima mchangani, wakachota polepole kwa kata, wakajaza mitungi na kumtwika punda. Basi mchanga huo unaohifadhi maji ndio uliohifadhi mafuta. Visima vikanuka, mimea ikakauka, watu wakalalamikia magonjwa. Walikwenda kortini, na ni mwaka wa 2025, miaka kumi baadaye, ndipo mahakama ilipoamuru kampuni ya Kenya Pipeline iwalipe fidia ya mabilioni ya shilingi.

Unaona basi kwamba petroli huweza kuchafua hata kabla haijaingia kwenye tangi la gari lako!

Na ikishaingia? Lita moja ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Nairobi hadi mji wa Kitui ni kilomita 170 hivi. Gari la kawaida litakunywa lita 17 na kuacha kilo 39 angani. Gari la umeme la ukubwa huo litatumia yuniti 30 hivi, na kwa kuwa karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, safari hiyo haifikishi hata kilo 5. Ni kweli kutengeneza betri kuna uchafu wake, na kobalti nyingi huchimbwa Kongo, ambako wanavijiji nao wana vilio vyao. Hata hivyo, kwa umeme kama wetu, deni hilo la gesi hulipika gari likitumika miaka michache.

Lakini umeme ukitoka kwingine je? Kutoka Kibwezi, pinda kushoto upitie Ikutha na Mutomo hadi Kitui, kisha uelekee bonde la Mui. Chini ya bonde hili yamelala makaa ya mawe. Sehemu moja tu ilikadiriwa kuwa na tani milioni 400. Mwaka wa 2011 serikali iliichagua kampuni ya Fenxi kutoka Uchina iyachimbe. Yuniti moja ya umeme wa makaa hutoa takriban kilo moja ya kaboni. Haya, rudia hesabu yetu: lile gari lisilo na moshi sasa lina kilo 30, nazo zinatoka kwenye bomba la moshi la mtambo ambao abiria wake hawatauona kamwe.

Mpaka sasa makaa hayo hayajachimbwa, na leseni ya mtambo wa makaa uliopangwa kujengwa Lamu ilifutwa mwaka wa 2019. Wenyeji wa Mui, waliokaa miaka wakisubiri kujua kama watahamishwa, bado wanapanda ndengu na mbaazi juu yake.