SGR: Nani alirudia hesabu?

Tuliambiwa SGR itajilipa kwa mizigo, hadi ya Uganda na Rwanda. Sawa, sababu ilieleweka. Tukakopa China, na 2017 treni ikaanza Mombasa hadi Nairobi. Lakini 2019 pesa za kuipeleka mbele ya Naivasha zikakosekana, na Malaba bado iko mbali. Hapo ndipo wakubwa wangejiuliza: jameni, ile sababu bado ipo? Badala yake, mwaka huo huo ikatoka amri kontena za Nairobi zipande treni, mwenyewe atake asitake. Watu wa malori wakaandamana Mombasa. Reli siipingi, mimi huipanda nikienda pwani. Ila kama ilikuwa inajiuza, amri ilikuwa ya nini?