Shati Lisilo na Vifungo

Moto hauna huruma. Likizo ya Agosti, seremala mmoja afanyaye kazi na baba alirudi kwake Mukuru akakuta majivu matupu. Jiko la mafuta ya taa la jirani lilikuwa limelipuka, na jinsi nyumba zile za mabati zilivyoshikana, maji ya ndoo hayakufua dafu. Ashukuriwe Mungu, hakuna aliyekufa.

Wenzake kazini walichanga. Huyu sufuria, yule blanketi, baba gorogoro tatu za unga. Mimi nikatoa shati lisilo na vifungo. Mama alilitazama, akaniuliza, "Wewe ungelivaa?" Niliona haya. Nikatoa lile la Krismasi, roho ikiniuma, sifichi!

Mwanawe, rika langu, alilipokea akashukuru, kisha akarudi kuchakura majivu. Alikuwa akitafuta kitambulisho cha babake na vyeti vya kuzaliwa. Nikainama, tukachakura pamoja hadi jioni. Tulipata kufuli tu.

Jumatatu baba aliomba ruhusa, akaandamana na mwenzake kituo cha polisi, kisha kwa chifu. Foleni hiyo! Walirudi magharibi na karatasi mbili tu. Yule mzee alizikunja polepole, akazitia mfukoni kama noti.