Sauti ya Kuazima

Walimu wenzangu, mtaniwia radhi nikianza kwa kukiri kosa. Yapata mwaka 1992, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nsambya, Kampala. Nyumbani tulisema Kiswahili. Nje ya hapo kilihesabiwa kuwa lugha ya askari na ya wezi, nasi watoto tulijifunza upesi kukificha.

Jirani palikuwa na kibanda cha video. Jioni moja ilionyeshwa "Yes, Madam", sinema ya Hong Kong ya mwaka 1985, ambamo wanawake wawili polisi, Michelle Yeoh na Cynthia Rothrock, wanawabwaga wanaume kama magunia. Msimulizi alishika kipaza sauti, akifasiri kwa Kiganda na kutia chumvi yake. Katikati ya pigano la mwisho nikamsikia mama mlangoni: "Mwanangu, njoo, baba yako amerudi safari." Kibanda kizima kiligeuka na kumcheka kwa Kiswahili chake. Nami nikacheka pamoja nao. Mama alingoja kidogo, kisha akaenda zake.

Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu nilikuwa nikitazama nini usiku ule. Yeoh ni mzaliwa wa Ipoh, Malaysia. Alikua akisema Kiingereza na Kimalei, na Kikantoni alijifunza ukubwani. Rothrock ni Mmarekani. Zama hizo sinema nyingi za Hong Kong zilipigwa picha bila sauti. Maneno yalitiwa baadaye studioni, mara nyingi na watu wengine kabisa. Mdomo wa huyu, sauti ya yule, hata kabla ya Kiganda cha msimulizi wetu!

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya Kikantoni chenyewe. Hiyo ndiyo lugha ya wengi wa Hong Kong. Tangu 1949 Kwan Tak-hing aliigiza kwa lugha hiyo kama Wong Fei-hung, bingwa wa mapigano na mganga, katika sinema zaidi ya 70. Hata hivyo, studio kubwa zilipendelea Kimandarini, kilichoonekana kuwa na heshima na soko pana zaidi, na kufikia 1972 sinema za Kikantoni zilikuwa karibu zimetoweka. Bruce Lee mwenyewe, aliyecheza sinema za Kikantoni tangu utotoni, alisikika kwa Kimandarini katika "The Big Boss" ya 1971, tena kwa sauti isiyo yake. Watu wa mji ule walijiona katika picha, wasijisikie.

Kilichoirudisha lugha yao hakikuwa ngumi. Mwaka 1973 ilitoka "The House of 72 Tenants" ya Chor Yuen, kichekesho cha wapangaji maskini waliobanana katika nyumba moja, wakizozana na mama mwenye nyumba kwa maneno ya mtaani. Huko Hong Kong mapato yake yaliishinda hata "Enter the Dragon". Baada ya hapo Kikantoni kilirejea, na mapigano ya miaka ya 1980 yakawa na lugha ya wenyeji wake.

Mama yangu yu hai, ingawa amezeeka. Mwaka jana nilimwuliza kama anaukumbuka usiku ule wa kibandani. Alinijibu kwamba anakumbuka tu baba alikula peke yake.