Nikuangalie Pini?

Miaka ile tulipokuwa tukiruka kwa parachuti Diani, wageni waliokuja kututazama walitarajia kuona majasiri. Walichokiona zaidi ni watu wanakaguana. Tulikuwa wachache, tumezoeana, na bado hakuna aliyepanda ndege pale kiwanja cha Ukunda kabla ya mwenzake kumpitia kuanzia mabegani hadi mapajani. Zile pete tatu za kila bega, ubunifu wa Mmarekani Bill Booth wa miaka ya 1970, zimelaliana sawasawa? Mkanda wa kifua umepita kwenye bizimu kama inavyotakiwa? Mpini wa kuachilia parachuti kuu na ule wa kufungua ya akiba iko mahali pake? Kisha unageuka, unainama kidogo, mwenzako anafunua kifuniko cha mgongoni aione pini inayolifunga begi. Mwanafunzi wa juzi alimkagua mwalimu, na mwalimu alisimama wima akikaguliwa bila kuharakisha.

Ila hukugusa begi la mtu kabla ya kumwomba. "Nikuangalie pini?" Ndivyo tulivyoulizana, hata mara ya tatu siku hiyohiyo. Mkono usioomba ruhusa unaweza kulegeza kitu ambacho mwenyewe hakijui. Mlango ukishafunguliwa angani, kile kiparachuti kidogo kinachotangulia kikichomoka, upepo hukibeba, nacho kikamvuta mtu nje, pengine akaishia kwenye mkia wa ndege. Kwa sababu hiyo aliyekaa karibu na mlango alifunika mpini wake kwa kiganja, na sisi wengine tuliketi bila kujitupatupa.

Adabu iliyonisumbua zaidi mwanzoni ilikuwa ya salamu. Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu kumpita mwenzio kimya ni utovu wa adabu. Pale, ukimkuta mtu amepiga magoti juu ya turubai anakunja parachuti yake, ulimwacha. Hukumwamkia, hukumsimulia mechi ya jana, na wala hukuvuka juu ya kamba zake, ulizunguka. Akikatizwa katikati, aweza kudhani hatua fulani ameshaimaliza. Alipofunga begi na kuinuka, ndipo salamu zote zilipoletwa, na zilikuwa ndefu.

Namna ya kutua tuliafikiana tungali chini. Tuliangalia upepo wa kusi umekazaje na maji yako wapi, kwani bahari ikijaa ufuko wa Diani hubaki ukanda mwembamba, nao una waogeleaji, ngamia wa watalii na wauza madafu. Futi 1,000 unafuata upepo, futi 600 unakatiza, futi 300 umeukabili. Aliye chini yako ana haki ya njia. Kupiga kona kali karibu na ardhi kulikatazwa kabisa, maana si wachache waliokufa katika mchezo huu ilhali parachuti zao zilikuwa zimefunguka vizuri.

Nakumbuka alasiri moja mawingu yalijikusanya chini yetu tukiwa karibu futi 10,000. Dada mmoja aliyekuwa akijifunza alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa. Mwalimu hakumsihi. "Haya, dada, kaa. Funga mkanda." Papo hapo rubani akaambiwa kuna mtu anarudi, ashuke taratibu. Kile kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe, kama CYPRES ya Airtec ya Ujerumani iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, hupima kimo na kasi tu. Hakijui kama uko angani au umeketi ndani ya ndege. Kwenye begi la mwanafunzi huwekwa kifyatuke kwa kasi ndogo zaidi, na ndege inayoporomoka kwa haraka inaweza kukifyatua.

Jioni hakuna aliyemuuliza dada yule kwa nini. Mgeni mmoja alianza kumtania, mwalimu akamwita pembeni, na utani ukaisha. Dada aliruka kesho yake asubuhi, mbingu ikiwa safi.

Nimeruka kwingine tangu hapo, kwa ndege kubwa zaidi na vifaa vipya zaidi. Kitu cha kwanza ninachokitafuta bado ni kilekile. Nawe, ukienda kuruka, popote pale, chunguza wanavyompokea aliyeshuka na ndege. Wakimcheka, chukua begi lako uondoke.